Dawa unayomeza leo huishia mtoni

Mabaki ya tembe zetu yamepatikana katika Mto Nairobi na hata katika maji ya chini ya ardhi. Hayatakuua leo, lakini yanaweza kuzifanya dawa zikose nguvu siku utakapozihitaji.

Kila siku maelfu ya wakazi wa miji yetu humeza tembe. Mmoja anatuliza kichwa kinachomgonga, mwingine anapambana na malaria, wa tatu anadhibiti sukari mwilini na wa nne ana kikohozi kisichosikia. Baada ya saa chache maumivu hupungua, naye mgonjwa husahau. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ile dawa imekwenda wapi?

Wengi wetu hudhani kwamba dawa ikishatibu huisha mwilini kama makaa yanavyoisha jikoni. Hata makaa huacha majivu, na dawa nazo huacha mabaki. Sehemu ya dawa hutoka katika mkojo na kinyesi ikiwa bado na nguvu zake, ikaingia katika mabomba ya maji taka au choo cha shimo, na hatimaye ikafika mtoni, ziwani au kisimani.

Kwa miaka mingi jambo hili halikuangaliwa kwa sababu halikuonekana. Chupa ya plastiki inayoelea mtoni huonekana na kila mtu. Mafuta ya gari juu ya maji humetameta. Lakini dawa iliyoyeyuka majini haina rangi, haina harufu wala ladha. Ni pale vyombo vya maabara vilipopata uwezo wa kupima kiasi kidogo mno ndipo wataalamu walipoanza kugundua kwamba mito ya dunia nzima inabeba dawa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Berlin, Ujerumani, walipata mabaki ya dawa ya kupunguza mafuta katika damu ndani ya maji ya mjini humo. Tangu hapo, kila alipopima mtu, aghalabu alipata kitu.

Mwili hautumii dawa yote

Ili uelewe jambo hili, yafaa kwanza kujua safari ya dawa mwilini. Ukimeza tembe, dawa huyeyuka tumboni, ikapita katika kuta za utumbo na kuingia katika damu. Damu huisambaza mwili mzima. Wakati huo huo, ini huanza kuivunjavunja na figo huichuja ili itoke kwa njia ya mkojo. Mwili huiona dawa kama mgeni: humpokea kwa muda, kisha humtafutia mlango wa kutokea.

Dawa nyingine huvunjwa karibu zote. Parasetamoli, kwa mfano, hutoka mwilini bila kubadilika kwa kiasi kisichozidi asilimia 5 hivi. Lakini amoksilini, dawa ya antibiotiki inayojulikana karibu katika kila nyumba, huwa tofauti. Takriban asilimia 60 ya kile ulichomeza hutoka katika mkojo kikiwa kile kile, ndani ya saa 6 hadi 8. Lamivudini, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi (ARV), hutoka bila kubadilika kwa kiasi cha asilimia 70 hivi. Metformini, dawa ya ugonjwa wa kisukari, haivunjwi na ini hata kidogo. Ile iliyoingia katika damu hufanya kazi yake na kutoka ilivyokuwa.

Kuna jambo jingine. Ini mara nyingi halivunji dawa bali huifunga, kwa kuishikiza na kitu kinachofanana na sukari ili iweze kuyeyuka na kutoka kwa urahisi. Zikifika katika maji taka, bakteria waliomo hukata kile kifungo, na dawa hurudia hali yake ya awali.

Mbali na njia hii ya mwilini, dawa huingia mtoni kwa njia nyingine. Kuna tembe zilizobaki au kupitwa na wakati ambazo watu huzitupa chooni au kuzimwaga katika sinki. Kuna maji yanayotoka hospitalini. Kuna dawa wanazopewa ng'ombe, nguruwe na kuku, zinazobaki katika mbolea na kusombwa na mvua. Kuna pia dawa za kupaka. Diklofenaki ya kupaka kwenye goti au mgongo huingia mwilini kwa kiasi kidogo tu, takriban asilimia 6. Iliyobaki husalia kwenye ngozi, mikononi na nguoni, na huondoka na maji ya kuoga na ya kufulia.

Yaliyopatikana Mto Nairobi

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukiwa bado mchanga na safi kiasi. Hupita katikati ya jiji, ukapokea maji ya Mto Mathare na Mto Ngong, na kila hatua hupokea pia uchafu wa viwanda, masoko, gereji na mitaa ya mabanda ambako mabomba ya maji taka hayajafika. Ukitoka jijini hujiunga na Mto Athi, unaopita Maporomoko ya Kumi na Nne karibu na Thika, ukateremka nyika hadi kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kwa hivyo kinachomwagwa Nairobi hakiishii Nairobi.

Mnamo mwaka 2012 watafiti wa Kenya wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maji ya bonde la mto huu. Mwaka 2016 ukafuata uchunguzi mwingine uliohusu maji taka, mito na maji ya chini ya ardhi katika Nairobi na Kisumu. Mwaka huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pamoja na Chuo Kikuu cha Jyväskylä cha Ufini walitoa matokeo yao kuhusu dawa za antibiotiki na za ARV katika bonde hilo la Mto Nairobi.

Yaliyopatikana yanasimulia maisha yetu kama daftari la zahanati. Kulikuwa na parasetamoli na ibuprofeni tunazonunua kutuliza maumivu. Kulikuwa na sulfamethoksazoli na trimethoprimu, dawa mbili ambazo zikichanganywa ndizo ile tembe ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Septrin. Kulikuwa na siprofloksasini, antibiotiki inayotumiwa dhidi ya magonjwa ya njia ya mkojo na ya tumbo. Na kulikuwa na lamivudini, zidovudini na nevirapini, dawa za ARV.

Kilichowashangaza wataalamu ni kiasi chake. Katika nchi nyingi za Ulaya, dawa mtoni hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu. Katika Mto Nairobi baadhi ya dawa zilifika maikrogramu kadhaa kwa lita, na maikrogramu moja ni sawa na nanogramu 1,000. Dawa za ARV, ambazo katika mito ya Ulaya ni nadra, hapa zilikuwa miongoni mwa zilizojitokeza zaidi. Hilo si ajabu: Kenya ina watu wengi wanaotumia dawa hizi kila siku, na wengi wao wamekuwa pia wakipewa Septrin ili kuwakinga na magonjwa nyemelezi.

Si Kenya pekee. Mwaka 2022 wataalamu wakiongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa mito 258 katika nchi 104. Walipima maji katika sehemu 1,052 wakitafuta dawa 61. Karibu robo ya sehemu hizo zilikuwa na angalau dawa moja iliyozidi kiwango kinachodhaniwa kuwa salama kwa viumbe wa majini. Miji iliyoongoza kwa uchafuzi ilikuwa Lahore nchini Pakistani, La Paz nchini Bolivia na Addis Ababa, Ethiopia. Mahali pawili tu palikutwa bila dawa yoyote kati ya zilizotafutwa: Aisilandi, na kijiji kimoja cha wenyeji wa asili nchini Venezuela ambao hawatumii dawa za kisasa.

Kwa nini miji hiyo na si London au Paris? Wenyeji wa Ulaya humeza dawa nyingi kutushinda. Tofauti ni kwamba maji taka yao, kwa sehemu kubwa, hupita katika mitambo ya kusafisha kabla ya kufika mtoni. Yetu mengi hayapiti popote.

Mitambo haikuundwa kwa kazi hiyo

Maji taka ya Nairobi yanayobahatika kuingia katika mabomba huelekezwa zaidi katika mabwawa makubwa ya Dandora yaliyoko Ruai. Pale, uchafu hupita kutoka bwawa moja hadi jingine polepole. Jua, mwani, bakteria na muda ndio mafundi wenyewe. Uzito hutua chini, bakteria hula uchafu, nao mwanga wa jua huua viini vingi. Kisha maji hurudishwa katika Mto Nairobi.

Mfumo huu ni mzuri kwa nchi yenye jua kama yetu, na hauhitaji umeme mwingi. Lakini uliundwa kupunguza kinyesi na viini vya maradhi kama kipindupindu. Hakuna aliyefikiria dawa wakati huo. Dawa nyingine huvunjika bwawani bila taabu: parasetamoli na ibuprofeni hupungua sana. Nyingine ni sugu. Karbamazepini, inayotumiwa na wagonjwa wa kifafa, hutoka mwilini kwa kiasi kidogo sana bila kubadilika, asilimia 2 hadi 3 tu, lakini ikishafika majini haitaki kuvunjika. Nevirapini nayo ni ya jamii hiyo.

Jambo hili linawapa wataalamu alama ya kupelelezea. Kwa kuwa parasetamoli huvunjika upesi katika mabwawa, ukiipata kwa wingi mtoni ujue kuna maji taka mabichi yanayoingia moja kwa moja. Na ndivyo hali ilivyo katika sehemu za Mto Nairobi zinazopita kando ya mitaa ya mabanda. Pale choo kikijaa, mvua ndiyo huja kukizoa.

Je, maji haya yatanidhuru?

Hili ndilo swali la kwanza la kila msomaji. Tujibu kwa hesabu.

Tuseme maji fulani yana maikrogramu 10 za dawa kwa kila lita, kiasi ambacho ni kikubwa hata kwa mto mchafu. Tuseme pia kwamba unakunywa lita mbili kila siku. Utakuwa unameza maikrogramu 20. Tembe moja ya miligramu 500 ina maikrogramu 500,000. Kwa hivyo ingekuchukua siku 25,000, yaani zaidi ya miaka 68, kumeza kiasi kinacholingana na tembe moja. Mtu hawezi kulewa dawa kwa njia hiyo.

Tena, maji ya mfereji ya Nairobi hayatoki katika Mto Nairobi. Hutoka zaidi katika mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, kwenye miteremko ya Aberdare, mbali na uchafu wa jiji. Mkazi anayetumia maji hayo asiwe na hofu.

Mwenye sababu ya kuwa mwangalifu ni yule anayeteka maji ya kisima kifupi kilichochimbwa karibu na choo cha shimo. Lakini hata kwake, dawa si adui wa kwanza. Adui wa kwanza ni kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Mabaki ya dawa katika kisima ni ushahidi kwamba choo na kisima vimeshikana mikono chini ya ardhi.

Wengine huuliza kama kuchemsha maji huondoa dawa. La. Kuchemsha huua viini, na klorini huua viini. Dawa nyingi hubaki. Hata hivyo, usiache kuchemsha. Viini ndivyo vinavyoua leo.

Basi, kama hesabu inatuambia kwamba hatutadhurika kwa kunywa, kwa nini tuhangaike? Kwa sababu kuna wanaokunywa maji haya mchana na usiku, kizazi baada ya kizazi, nao ni wengi kutushinda. Ni bakteria.

Shule ya viini

Bakteria wengine huzaana kila baada ya nusu saa hivi. Katika kundi la mamilioni, hutokea mmoja ambaye kwa bahati ana uwezo wa kuistahimili dawa. Penye dawa, wenzake hufa au hudumaa, naye hubaki na nafasi yote ya kuzaana. Baada ya muda kundi zima huwa la ukoo wake. Zaidi ya hayo, bakteria wanaweza kupeana uwezo huo wao kwa wao, hata walio wa aina mbalimbali, kama watoto wa shule wanaopeana majibu ya mtihani.

Zamani ilidhaniwa kwamba dawa ikiwa chache mno majini haiwezi kufanya uteuzi huo, kwa kuwa haitoshi kuua. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kinyume. Bakteria sugu waliwashinda wenzao hata penye antibiotiki iliyo chini mara mamia ya kiasi kinachohitajika kuua. Dawa kidogo haiui, lakini hufundisha.

Sasa fikiria Mto Nairobi. Humo mna bakteria kutoka matumbo ya mamilioni ya watu, mna Septrin na siprofloksasini kidogo kidogo, na wote wamo pamoja kutwa kucha. Kisha mkulima huchota maji hayo kumwagilia sukuma wiki, spinachi na terere kandokando ya mto, sehemu za Njiru na Ruai, na mboga hizo huletwa sokoni. Mtoto huogelea. Ng'ombe hunywa. Hivyo viini vilivyohitimu mtoni hurudi nyumbani kwa njia ya jikoni.

Madhara ya viini sugu si hadithi ya kutisha watoto. Kwa mujibu wa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet, watu milioni 1.27 walifariki duniani mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Kiwango cha juu kabisa cha vifo hivyo kilikuwa Afrika Magharibi. Mto si chanzo pekee, wala si chanzo kikubwa kuliko vyote. Matumizi mabaya ya dawa hospitalini, nyumbani na mashambani yana sehemu kubwa. Lakini mto ndio mahali ambapo matumizi yote hayo hukutana.

Ipo mifano ya kupindukia. Huko Patancheru, karibu na Hyderabad nchini India, kuna kiwanda cha kusafisha maji taka ya viwanda 90 hivi vya kutengeneza dawa. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba maji yaliyotoka hapo yalikuwa na siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita, kiasi kinachozidi kile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa anayetibiwa kwa dawa hiyo. Tukumbuke kwamba dawa nyingi zinazouzwa katika maduka yetu hutengenezwa India. Bei nafuu tunayofurahia huku huenda imelipiwa na mto wa huko.

Samaki nao

Viumbe wa majini hawana mfereji wa Ndakaini. Wao huishi ndani ya dawa. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Uingereza waliona samaki dume karibu na mitambo ya maji taka wakiwa na mayai ndani ya korodani zao. Sababu ilikuwa homoni za kike katika maji, za asili zitokazo mwilini pamoja na zile za tembe za kupanga uzazi.

Ili kuhakikisha, watafiti nchini Kanada waliingiza homoni ya tembe hizo katika ziwa dogo la majaribio kwa misimu mitatu, mwaka 2001 hadi 2003. Kiasi kilikuwa nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki dume walianza kutengeneza kiini cha mayai, na jamii moja ya samaki wadogo ilikaribia kutoweka ziwani. Walipoacha kuiweka, samaki hao waliongezeka tena baada ya miaka kadhaa. Tunaloweza kujifunza hapa ni kwamba maji yanaweza kupona, mradi tuache kuyatia sumu.

Kwa nchi ambayo Ziwa Viktoria huilisha na kuipa kazi, hilo si jambo la kupuuzwa.

Si kosa la mgonjwa

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kusema wazi: habari hizi zisimfanye mtu yeyote aache dawa alizoandikiwa na daktari. Anayetumia ARV aendelee kuzimeza kila siku kwa saa ile ile. Dawa hizo zimewarudishia maelfu ya Wakenya uhai wao, na akiziacha, virusi ndani ya mwili wake vitapata nafasi ya kuwa sugu haraka kuliko kiini chochote mtoni. Mwenye kifafa asiache karbamazepini, mwenye kisukari asiache metformini, na mama anayepanga uzazi asiache tembe zake kwa sababu ya samaki.

Dawa kutoka mwilini ni maumbile. Hakuna awezaye kuyazuia. Kosa liko kwingine: katika dawa tunazomeza bila sababu, zile tunazotupa ovyo, na maji taka tunayoyaacha yajitafutie njia.

Unachoweza kufanya

Wataalamu wa afya wanapendekeza mambo yafuatayo, na mengi hayahitaji pesa.

Kwanza, usinunue antibiotiki bila cheti cha daktari. Sheria ya Kenya inataka hivyo, lakini wengi wetu huingia katika duka la dawa na kuitisha kwa jina, tena tembe nne au sita za kutuliza hali. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na antibiotiki haiwezi kuviua. Umepoteza pesa, na umeupelekea mto somo jingine.

Pili, ukiandikiwa dawa, tumia kipimo kamili kama ulivyoelekezwa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba mtu anayetumia kipimo kidogo mno anaweza kuvifundisha viini kuistahimili dawa. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 80.

Tatu, nunua kiasi kinachohitajika tu. Usijaze kabati kwa dawa za akiba ambazo zitapitwa na wakati.

Nne, usitupe dawa chooni wala usizimwage katika sinki. Usizichome katika jiko, kwa maana moto wa nyumbani hautoshi kuziharibu na moshi wake una sumu. Usimpe jirani dawa zilizobaki, hata kama dalili zake zinafanana na zako.

Tano, peleka dawa zilizobaki au kuharibika katika hospitali au duka la dawa lililosajiliwa, uulize kama wanazipokea. Hospitali kubwa zina matanuri ya kuchomea taka kwa joto kali. Wakikataa, zitoe katika pakiti, zichanganye na majani ya chai yaliyotumika au majivu ili mtu asishawishike kuziokota, zifunge katika mfuko usiovuja, kisha zitupe pamoja na taka zinazochukuliwa. Si njia bora, kwa kuwa majaa yetu nayo huvuja, lakini ni afadhali kuliko choo. Sindano zirudishwe hospitalini, zisitupwe katika taka kamwe.

Sita, ukipaka diklofenaki, pangusa mikono kwa karatasi kabla ya kunawa, na ukiweza oga kabla ya kupaka badala ya baada.

Saba, osha mboga kwa maji safi yanayotiririka, na uzipike vizuri. Hilo haliondoi dawa, lakini hupunguza viini vinavyotoka mtoni.

Wajibu wa wakubwa

Hata wananchi wote wakitii, mto hautasafishwa na majani ya chai. Kazi kubwa ni ya serikali, kaunti na kampuni za maji. Kila nyumba inayounganishwa na bomba la maji taka, na kila choo kinachojengwa kisivuje, hupunguza dawa mtoni pamoja na kipindupindu. Kwa maneno mengine, hatua ya kwanza dhidi ya tatizo hili jipya ni ile ile ya zamani: vyoo.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ina mamlaka ya kuwashtaki wanaochafua mito. Bodi ya Dawa na Sumu husimamia maduka ya dawa. Ingefaa taasisi hizi mbili zikae meza moja, vituo vya kurudishia dawa vipatikane kila mtaa, na mabaki ya dawa yawe miongoni mwa vitu vinavyopimwa mara kwa mara katika mito yetu badala ya kusubiri watafiti wa chuo kikuu.

Nchi nyingine zimeanza. Tangu mwaka 2016 Uswisi imekuwa ikiongeza katika mitambo yake hatua ya kusafisha kwa ozoni au kwa makaa maalumu yanayofyonza dawa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozitaka kampuni za dawa na vipodozi kulipa angalau asilimia 80 ya gharama za hatua hiyo ya ziada. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kwanza kuhusu maji machafu ya viwanda vya antibiotiki. Mitambo ya Uswisi ni ghali kwetu kwa sasa, lakini msingi wa sheria ya Ulaya, kwamba anayepata faida achangie usafi, hauna ubaya hata hapa.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Kiasi cha dawa kilichomo mtoni ni kidogo kama ncha ya mwiba, na ndiyo maana ni rahisi kukidharau. Lakini dawa za antibiotiki ni chache, na mpya hazigunduliwi kwa wepesi. Leo jioni, kabla ya kulala, hebu fungua lile kabati unamoweka dawa. Angalia tarehe kwenye pakiti, tenga zilizopitwa na wakati, na kesho zirudishe zilikotoka.